Kokoto, sehemu ya tisa: Mama wa nyimbo thelathini na moja

Kidole cha Mzee Onyancha kilishuka.

Wiki jana tulikiacha hewani, juu ya kitufe, na wengine wenu hamjanisamehe. Basi kimeshuka. Tuendelee.

Uwanja wa makambi wa Kosele ulikuwa umejaa. Ilikuwa Jumapili saa nne asubuhi, maana Wasabato hawauzi wala hawanunui siku ya Sabato, na kwaya yao ilikuwa inazindua albamu yake ya kwanza, Juu ya Mwamba. Emmah alikuwa hatua tatu kutoka mezani. Mkobani mwake mlikuwa na diski nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni, yenye nyimbo za kwaya. Mezani, kwenye mashine ya Walter fundi wa spika, ilichomekwa diski nyingine iliyofanana nayo kama pacha. Hiyo ilikuwa na nyimbo za Kokoto, bendi ya roki ambayo Emmah ndiye mwimbaji wake.

Aliyezichanganya ni Zubair, mwenye studio ya Homa Bay. Alizibandika zote mbili karatasi yenye neno moja: MWAMBA. Ya kwaya, kwa sababu ya jina la albamu. Ya Kokoto, kwa sababu aliambiwa hiyo ni roki, na roki ni mwamba, na Zubair hupenda Kiswahili sanifu.

Hatua tatu. Emmah hakuziwahi.

Spika nne zilikohoa, kisha ngoma ikalia.

Kwaya ya Kosele haijawahi kuimba na ngoma. Haina hata kinanda. Ina koo, na Mungu anatosha. Gitaa likafuata, likinguruma kama kinu kilichomeza msumari. Bibi mmoja wa safu ya mbele alivaa viatu vyake upesi, akidhani ni tarumbeta ya mwisho.

"Walter!" Mzee Onyancha, mzee wa kanisa na mwalimu wa kwaya, alipaza sauti. "Ni nini hii?"

"Ni Mwamba, mzee. Si imeandikwa hapa?"

"Huu si mwamba! Haya ni maporomoko!"

Walter alinyoosha mkono azime. Kabla hajafika, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye spika zote nne. Haikuwa inaimba. Ilikuwa inasema, kali, ya haraka, juu ya ngoma.

"Emmah! Umekula? Umeomba? Umevaa sweta?"

Du-du-du, ngoma ikajibu.

"Emmah! Usinidanganye. Nasikia sauti yako haina sweta!"

Watu mia tatu waligeuza shingo kwa pamoja. Hakuna mtu Kosele asiyeijua sauti hiyo. Ndiyo inayouza maharagwe siku ya soko. Ndiyo inayoongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Ilikuwa sauti ya shemasi Kemuma, mama yake Emmah, ambaye dakika ile alikuwa jukwaani na sare ya zambarau, amefungua mdomo bila kutoa chochote. Jambo hilo nalo halijawahi kutokea.

Walter akazima.

Msomaji mgeni, nikueleze kwa kifupi. Miaka miwili iliyopita Emmah alikuwa na homa huko Migori, na mama yake alimtumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Emmah aliukata, akaupanga juu ya ngoma, akaufanya kiitikio. Mama hakuambiwa. Mama alijua binti yake anauza dawa za mifugo mjini Migori, na kwamba jioni anasoma kompyuta. Kuhusu bendi hakujua lolote.

Na kilicho hatarini ni hiki. Mwezi uliopita stima ilipotea Homa Bay, ikarudi na hasira, ikaunguza kompyuta ya Zubair. Kazi yote ya Kokoto ya miaka sita, nyimbo thelathini na moja, ikabaki mahali pamoja duniani: kwenye ile diski ya mezani. Nyimbo chache zipo kwenye simu za watu, lakini hizo ni nakala za nakala, zimebanwa hadi gitaa linasikika kama nzi ndani ya chupa. Studioni, rekodi ya asili huitwa mama, na nakala huitwa watoto. "Watoto utapata wengine," Zubair husema. "Mama ni mmoja."

Sasa mama huyo alikuwa chini ya kidole cha Mzee Onyancha.

"Dada Kemuma," mzee alisema polepole. "Hiyo sauti ni ya nani?"

"Ati shemasi yuko kwa bendi!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Mimi nilijua tu," akasema mwingine, ambaye hakujua chochote. "Juzi amenunua viatu vyekundu."

"Ifutwe!" Mzee Onyancha aligonga meza. "Walter, futa kila kitu kilicho ndani ya hii takataka. Hapa hapa, watu wakiona."

"Yawa, mzee," Walter alisema. "Nikifuta hii, hairudi."

"Ndiyo maana ya kufuta."

Walter akaweka kidole mahali pake. Emmah aliruka hatua mbili kati ya zile tatu, akafungua mdomo akiri kila kitu: bendi, ngoma, masomo ya kompyuta yasiyokuwepo. Jicho la mama yake likamfikia kabla sauti haijatoka. Mliolelewa na mama wa sokoni mnalijua jicho hilo. Halina maneno mengi. Linasema: funga.

Emmah akafunga.

Mama Kemuma alishuka jukwaani. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda kuuliza bei.

"Mzee, ni sauti yangu."

Uwanja mzima ukashusha pumzi.

"Unakiri?"

"Nakiri. Unataka nikiri mara ngapi? Ni mimi. Sasa nami nina swali. Sauti ya mtu ni mali ya nani?"

"Ya Mungu," Mzee Onyancha alijibu upesi.

"Na Mungu amempa nani aitunze?"

Mzee akakohoa.

"Ng'ombe wangu akiingia shamba la kanisa," Mama Kemuma aliendelea, "mtamchinja, ama mtaniita nije nimchukue?"

"Tutakuita."

"Basi nimekuja."

Akashika waya.

"Mama, ngoja!" Walter alishtuka. "Haitolewi hivyo, lazima kwanza niiambie mashine..."

"Nimevuta ndama tumboni mwa ng'ombe, nitashindwa na kamba hii?" Akachomoa diski, akaipangusa kwa kona ya kitambaa, akaitia kifuani ndani ya blauzi, mahali ambapo hakuna mzee wa kanisa atakayetia mkono.

Emmah alikaribia kulia kwa furaha. Furaha hiyo ilidumu muda wa kupiga chafya.

"Na nyimbo zetu?" Mzee Onyancha aliuliza. "Watu wamekuja uzinduzi. Tunazindua nini?"

Emmah aligeuka nyuma, akamsukumia mkoba kijana aliyesimama kwenye kivuli cha hema. Huyo ni Motari, fundi wa mabati wa Migori na mpiga ngoma wa Kokoto, yule yule ambaye ngoma yake ilikuwa imetoka kumvisha bibi viatu. Alikuwa amevaa suti ya matanga ya mjomba wake. Motari ni Mkatoliki, na siku hiyo ilionekana.

Alipanda mbele na diski ya kwaya mkononi, akatabasamu meno yote.

"Sabato njema!"

"Leo ni Jumapili, kijana," Mzee Onyancha alisema.

"Nauliza ya jana, mzee. Ilikuwa njema?"

"Wewe ni nani?"

"Natoka studio. Kumetokea mchanganyo. Mwamba wenu ndio huu. Ule mwingine ulikuwa mwamba wa watu wengine."

Walter akachomeka. Kwaya ikatoka kwenye spika, safi, sauti nne, bila ngoma. Watu wakaketi. Bibi wa safu ya mbele akavua viatu, na nisiwafiche, alionekana amesikitika kidogo.

Mzee Onyancha alimwinamia Mama Kemuma. "Hii haijaisha, dada. Utaitwa mbele ya baraza la kanisa."

"Niiteni. Najua njia."

Nyuma ya hema la wapishi, mama na binti walisimama uso kwa uso. Emmah alikuwa amepanga maneno ya kuomba msamaha tangu Migori. Mama hakumpa nafasi.

"Maneno yale nilikutumia wewe peke yako, ukiwa mgonjwa."

"Ndiyo, mama."

"Ulivaa?"

"Nini, mama?"

"Sweta. Siku ile. Ulivaa?"

Emmah alitazama chini. "La."

"Nilijua." Mama Kemuma akakaza kitambaa kichwani. "Haya. Twende Homa Bay kwa huyo Zubair."

"Kufanya nini? Mama, nipe tu diski, nitakueleza kila kitu..."

"Nimeungama mbele ya watu mia tatu. Nataka kujua nimeungama nini. Nitasikiza wimbo mmoja mmoja, wa kwanza hadi wa mwisho. Nikiridhika, utapewa vitu vyako. Nisiporidhika, nina jiko, na jiko lina moto."

Hapo Emmah alihisi baridi, na safari hii sweta lisingemsaidia.

Wimbo wa ishirini na saba.

Miaka tisa iliyopita baba yake, Okari, alitoka Kosele kwenda kununua vipuri vya pampu, akasahau kurudi. Nyumbani jina lake halitajwi. Lakini miaka mitatu iliyopita Emmah alimkuta Sori, ziwani kule Nyatike, anatengeneza injini za boti. Walilia, wakagombana, wakala samaki. Kisha wakaimba. Zubair alikwenda na vifaa vyake, akawarekodi baba na binti ndani ya karakana, wimbo mmoja tu. Wa ishirini na saba. Emmah aliapa mama yake hatausikia maadamu Emmah yuko hai.

Motari alimpigia Zubair simu kwa siri.

"Tunakuja. Mama tumempata."

"Alhamdulillahi! Yuko wapi?"

"Yuko na mama."

"Nani yuko na mama?"

"Mama."

"Motari, umekunywa?"

"Diski iko na mama yake Emmah! Kwa kifua! Na anataka kusikiza zote!"

Zubair alishusha sauti. "Zote zote? Hata ile ya Sori?"

"Ndiyo nakwambia, bana. Omba kwa njia zenu, na mimi naomba kwa zetu."

Saa saba mchana walikuwa Homa Bay. Mbele, duka la Zubair linauza vifuniko vya simu. Nyuma, mlango mdogo unaingia studio, chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isitoke. Zubair alikuwa ameazima kompyuta ndogo kwa dada yake Idil.

"Karibu, Mama Emmah. Chai?"

"Baadaye. Washa."

"Nakili kwanza, Zubair," Emmah alisema haraka. "Dakika kumi tu, tupate mama wa pili..."

"Hapana," alisema Mama Kemuma. "Hainakiliwi mpaka nijue ina tabia gani. Si kila kitu kinafaa kuzaa."

Akaketi. Akatoa kiganja cha maharagwe kwenye mfuko wa sketi, akayamwaga mezani. "Wimbo mmoja, punje moja. Sitaki kuchezewa hesabu."

Zubair na Emmah wakatazamana.

Wakaanza na kazi ya kwanza ya Kokoto, Vumbi la Migori. Nyimbo tano, zilizorekodiwa ndani ya kinu cha posho saa ya chakula cha mchana, mashine zikiwa zimezimwa. Katikati ya wimbo wa pili kuku aliwika.

"Huyo jogoo ni wa nani?"

"Wa mwenye kinu, mama."

"Anaingia kwa wakati kuliko huyu wa ngoma."

Motari akakunja mikono ndani ya suti. Punje tano zikavuka meza.

Kazi ya pili, Leta Kokoto, nyimbo nne. Inaanza na simu ya kweli, mwanamume anafoka: "Hallo, Kokoto? Nataka lori mbili za kokoto za robo tatu, mlete Rongo kabla ya saa sita, na msiniletee mchanga!" Bendi ilikuwa imebandika mabango yenye jina na namba ya simu mji mzima, na kwa mwaka mzima waliopiga walikuwa wajenzi.

"Mlimpelekea?" Mama aliuliza.

"Tulimwambia sisi ni bendi."

"Wajinga. Mngechukua oda, mtafute lori. Halafu mnashangaa mbona mnakula mihogo."

Kazi ya tatu, Sori Bila Stima. Nyimbo sita, zilizopigwa sokoni kwa wauza omena, wale dagaa wa ziwani. Umeme ulikatika wimbo wa kwanza, wakaendelea na magitaa makavu, na wanawake wa soko wakapiga makofi na mabeseni hadi mwisho. Mguu wa kulia wa Mama Kemuma ulisogea. Nimeuona mimi. Mwenyewe atakana.

Kisha zile tatu zilizotoka moja moja. Mojawapo ilitungwa kwa ajili ya mgombea wa udiwani.

"Alishinda?"

"Alishindwa, Mama Emmah," alisema Zubair.

"Na wimbo huu? Angeshinda ningehama kata."

Punje kumi na nane zilikuwa upande wa pili. Zilibaki nyimbo kumi na tatu, albamu mpya, ile ambayo bado haijatoka. Wa kwanza wake ulikuwa "Umevaa Sweta?"

Mama Kemuma aliusikiliza wote. Akauliza urudiwe. Akausikiliza tena, uso mgumu kama mlango wa benki. Emmah aliuma kucha.

"Mmeniharibia jina," mama alisema mwishowe.

"Mama, nisamehe. Tutautoa. Nitaufuta mimi mwenyewe."

"Nani amesema kufuta? Nasema nilikuwa na mafua! Husikii pua imeziba? Sauti ya kwanza miaka ishirini, halafu dunia inisikie nikiongea kama bata? Narudia."

"Unarudia?"

"Hicho chombo cha kuongelea kiko wapi?"

Zubair alimvalisha vipokea sauti juu ya kitambaa cha kichwa, akamsimamisha ndani ya kibanda, akafunga mlango. Akamwonyesha dole gumba.

"EMMAH! UMEKULA?"

Taa nyekundu zote za mashine ziliwaka. Trei moja ya mayai ilianguka ukutani. Dukani mbele, mteja aliyekuwa akichagua kifuniko alijibu, "Bado!"

"Polepole kidogo, Mama Emmah," Zubair alisema kwenye kipaza sauti. "Kama unaongea na mtoto."

"Hivi ndivyo ninavyoongea na mtoto!"

Wakati anarudia, amefunikwa masikio, Emmah alimshika Zubair shati. "Ikifika ishirini na saba, ruka. Nakuomba. Nenda moja kwa moja ishirini na nane."

"Na akijua?"

"Atajuaje? Hajawahi kuzisikia."

Mara ya nne ilikuwa nzuri. Nisiwe mchoyo wa sifa, ilikuwa nzuri sana. Motari mwenyewe alisahau kukunja uso. Mama akatoka kibandani amekunjuka, akaomba ile chai, akaketi karibu na maharagwe yake. Zubair akaihifadhi sauti mpya humo humo kwenye diski. Emmah akaanza kuamini kwamba siku hii ingeweza kuisha vizuri.

Wa ishirini. Wa ishirini na moja. Kwenye wa ishirini na nne mama alitikisa kichwa na kusema, "Huu una kichwa na miguu." Wa ishirini na tano. Wa ishirini na sita.

Zubair alibonyeza mara mbili, upesi, huku akikohoa. Wimbo ukaanza.

Mama Kemuma alisogeza punje moja. Akasimama. Akatazama kioo cha kompyuta, ambacho Zubair hakukifunika, kwa sababu Zubair ni mwaminifu na waaminifu hawajui kuiba.

"Hapo pameandikwa ishirini na nane. Punje zangu zinasema ishirini na saba."

"Mama Emmah, unajua hizi diski, wakati mwingine zinakwaruza..."

"Zubair. Mama yako Asli ni mteja wangu wa maharagwe?"

"Ndiyo."

"Nimpigie?"

Zubair alimtazama Emmah kwa huruma, kama mtu anayeshuka gari huku mwenzake akiendelea na safari. Akabonyeza.

Kwanza zikasikika kelele za ndege na nyundo mbali. Kisha mwanamume akahesabu, taratibu, kwa Kijaluo chenye lafudhi ya Kisii: "Achiel, ariyo, adek." Gitaa likaingia. Sauti nzito ikaanza kuimba, na sauti ya Emmah ikaifuata kwa nyuma, kama mtoto anayekanyaga nyayo za mtu mzima.

Nilitoka kununua kipuri,
nikapotea njia mlangoni.

Emmah alifumba macho. Alisubiri diski irushwe ukutani. Alisubiri jiko na moto. Motari alikuwa amesogea karibu na mlango.

Wimbo uliendelea hadi mwisho. Mama Kemuma aligusa ile punje ya ishirini na saba.

"Bado anashuka nusu sauti akichoka," alisema.

Emmah alifumbua macho. "Mama... umemjua?"

"Nimezaa naye, nisimjue?"

"Yuko Sori. Nilitaka kukwambia. Nilimkuta tu, mama, sikumtafuta, na nikaogopa..."

"Nani alikuambia sijui aliko?"

Motari aliachia kitasa cha mlango.

"Kila mwezi mfuko wa maharagwe unatoka Kosele kwenda Sori," alisema Mama Kemuma. "Unadhani samaki wanakula maharagwe?"

"Unamlisha? Baba? Mbona sasa tumekatazwa hata kutaja jina lake?"

"Jina nimekataza. Chakula sijakataza. Namtumia yale ambayo hayajachambuliwa. Kila akiuma jiwe, ananikumbuka."

Motari aliangua kicheko, akakizuia kwa mkono. Emmah naye akacheka, huku machozi yakimtoka, miaka mitatu ya siri ikimshuka mabegani kama gunia. Alimkumbatia mama yake. Mama alikubali kukumbatiwa muda wa kadiri.

"Kwa hiyo umeridhika?" Emmah aliuliza. "Zubair anaweza kunakili?"

"Zimebaki nne. Lakini sawa, nimeridhika. Mna makosa mengi ila si wavivu." Aliinua mkono amruhusu Zubair.

Kisha mkono ukasimama hewani.

"Zubair. Rudisha ule wa Okari. Mwishoni, gitaa likinyamaza."

Zubair akarudisha. Uzi wa mwisho wa gitaa ukafifia. Sauti ya Okari ikauliza, "Imetoka vizuri?" Na nyuma yake, mbali, kama mtu aliye nyuma ya pazia, mwanamke akacheka. Kicheko kifupi, cha kubembeleza.

"Huyo ni nani?"

Emmah alikunja paji la uso. Alikuwa ameusikia wimbo ule mara mia, na siku zote alisikiza gitaa. "Sijui. Karakanani tulikuwa wanne tu. Mimi, Motari, Zubair na baba. Hapakuwa na mwanamke."

"Ongeza sauti."

Zubair akaongeza. Kicheko kikajaa chumba.

Mama Kemuma alifumba macho kama afanyavyo Mzee Onyancha anapomtafuta aliyekosea kwenye kwaya. "Tena," akasema. Na baada ya mara ya tatu: "Anavuta pumzi kwa pua katikati ya kicheko. Hiyo haifundishwi Sori. Hiyo inafundishwa Kosele, na Mzee Onyancha, kwa watu wa sauti ya pili peke yao."

"Mama, pengine ni mteja tu wa injini..."

Mama alishika waya.

"Ngoja! Nakili kwanza!" Emmah aliruka. "Umesema umeridhika!"

"Nilikuwa nimeridhika na wimbo. Sasa huu ni ushahidi." Diski ikachomolewa, ikarudi kifuani. Akatoa simu, akapiga. Alisimama wima katikati ya studio kama anayesubiri kupewa noti ya kuanzia.

"Hallo, Mzee Onyancha? Ni Kemuma. Lile baraza langu, msisubiri wiki ijayo. Liwe kesho saa nne. Walter aje na spika zake. Na nataka sauti ya pili waje wote, wote kumi na mmoja, hata aliye na mgonjwa."

Sauti ya mzee ilisikika hadi mlangoni, ikiwa ya upole, maana mtu akijiletea kesi mwenyewe hapaswi kusumbuliwa. "Sawa, dada. Ila watakuwa kumi. Mke wangu hatakuwepo. Amesafiri leo, mara tu uzinduzi ulipokwisha."

"Amesafiri wapi, mzee?"

"Sori. Kwa shangazi yake. Huenda kila mwezi. Kwani kuna ubaya?"

Mama Kemuma aliifunika simu kwa kiganja. Akamgeukia Zubair.

"Gari lako lina mafuta?"

"Linayo, Mama Emmah. Lakini Sori ni mbali."

"Sikukuuliza umbali."

Emmah alisimama mlangoni, mikono miwili kwenye fremu. Miaka sita ya kazi yake ilikuwa ndani ya blauzi ya mwanamke aliyekuwa akikunja mikono ya sare ya kwaya hadi viwikoni.

"Mama, nenda. Sikuzuii. Gombana na unayetaka. Ila diski iache hapa!"

"Nikiiacha," alisema Mama Kemuma, akimsogeza pembeni kwa bega, "nitawapigia nini huko?"